Mabanda ya Ndege za Vita Yasiyoacha Kuta

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mlioko darasani sasa,

Sisi tuliokulia upande wa Iramba tulilizoea boma la Mjerumani la Mkalama, tukadhani kila jeshi huacha kuta nyuma yake. Jeshi la anga halikufanya hivyo.

Tuanzie pwani. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika delta ya Rufiji. Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia, wakafyeka huko kiwanja cha ndege. Ndege za siku hizo zilikuwa mbao, kitambaa na gundi. Kwa joto na unyevu wa pwani gundi iliachia na mbao zikapinda. Kwa hiyo banda halikuwa anasa. Ndege iliyokosa kivuli haikukaa muda mrefu. Mabanda ya vita ya wakati ule kwa kawaida yalikuwa fremu za mbao zilizovikwa turubai. Jeshi likihama, nayo hukunjwa yakabebwa. Fundi mwashi hakuhitajika!

Tarehe 11 Julai 1915 Cull na Arnold waliruka kuelekeza mizinga ya meli za Severn na Mersey. Ndege yao ilipigwa ikaanguka mtoni, wenyewe wakaokolewa. Königsberg iliangamia siku hiyo hiyo.

Sasa turudi bara. Wajerumani waliopoa mizinga ya manowari ile wakaitia magurudumu, na Mei 1916 ilinguruma Kondoa, kwa jirani zetu. Waingereza nao walikuwa na Kikosi cha 26 cha ndege, kilichoshuka Mombasa mapema mwaka huo na kupiga kambi Mbuyuni, upande wa Kenya, kabla ya kusonga kusini nyuma ya askari wa miguu. Viwanja vya namna hiyo vilikuwa ardhi iliyofyekwa na kusawazishwa tu. Mimi naona kazi hiyo ya mikono ndiyo jengo lenyewe, ingawa wapagazi na wanavijiji wengi walioifanya hawakuandikwa majina.

Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Turubai zilioza.

Vijana, mkienda Mkalama pimeni unene wa kuta zile. Kisha mkifika Kondoa au Manyoni, waulizeni wazee kama babu zao walipata kuwaeleza ni wapi walifyekeshwa miti wakati wa vita vya Mjerumani, na mwandike jina la mahali hapo.