Goma: mji juu ya mji
Katikati ya mji wetu wa Goma tunatembea juu ya mji mwingine. Tarehe 17/1/2002 lava ya Nyiragongo ilishuka, ikapita katikati ya mji, ikaharibu Katedrali Saint-Joseph, ikaendelea mupaka Ziwa Kivu. Mama alinibeba mgongoni tukakimbilia Gisenyi. Siku chache tu watu wakarudi, mawe yakiwa bado na moto.

Wengi wanasimulia moto. Miye nasimulia mipaka. Parseli zote zilifunikwa, na karatasi zetu ziliungua. Mama na jirani walisimama juu ya lava wakapima kwa hatua.

“Dada, hapa njo muavoka wako ulikuwa.”

“Hapana, yaya, ni kule.”

Walibishana mupaka jioni, wakapatana. Kisha wakavunja lava ile ile kwa nyundo, wakajenga nayo ukuta.

Ukuta ungali pale. Yule jirani amekufa, na mtoto wake ameleta mpimaji, anadai mita moja na nusu. Anayekumbuka muavoka ulisimama wapi ni mama peke yake. Juzi nimenunua daftari, nimeanza kuandika anayosema.