Kikale Kisicho na Ukuta

Ukitoka Bukoba kwenda kusini, kuelekea Muleba, ukiulizia makao ya wafalme wa zamani, wengi watakupeleka Kanazi. Pale pana ikulu ya Kahigi wa Kianja, rafiki wa Wajerumani aliyefariki mwaka 1916. Ina kuta, kwa hiyo wageni huipiga picha na kuondoka wakidhani wameiona kale. Kumbe ni jengo la jana tu!

Kale yenyewe iko Katuruka, upande wa Maruku. Rugomora Mahe, mfalme wa ukoo wa Bahinda, alikuwa na kikale chake, yaani makao yake ya kifalme, hapo katika karne ya 17. Usitafute mawe. Kikale cha Kihaya kilikuwa misonge ya nyasi na nyua za matete, na matete hayangoji wajukuu.

Mwaka 1969 alifika Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, akaketi na wazee. Walimsimulia jinsi Rugomora alivyoamuru mnara wa chuma ujengwe ufike mbinguni, wakamwonyesha mti wa Kaiija, mahali pa wahunzi. Alipochimba chini yake alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mfalme, basi, alijenga juu ya ardhi ya wahunzi waliomtangulia mbali sana. Sidhani ilikuwa bahati. Majembe na mikuki vilitoka kwa mhunzi, na Bahinda walikuja wageni. Kukalia kiwanda cha kale ni kujidai mwenyeji.

Kilichoilinda Katuruka karne zote hizo ni vinywa vya wazee. Kisha UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humu, Kagera, mwaka 1983, ukaondoka na wengi waliokuwa wakirithishwa masimulizi hayo. Baadaye wanakijiji wenyewe walianza kuyarekodi yaliyobaki, wakaijenga upya nyumba ya kaburi la mfalme. Kazi hiyo naiheshimu kuliko bango lolote la serikali.

Hata hivyo, udongo uliobeba kikale unalimwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamruhusu waziri kutangaza eneo, hata lisilo na jengo, kuwa la kuhifadhiwa; kukosa kuta si kisingizio. Halmashauri na wenye mashamba wakae, mipaka ya kikale ipimwe na iandikwe, kabla shimo jingine la mgomba au msingi wa nyumba haujachimbwa.