Miaka 10 tangu M-Pesa ifungue mlango

Februari 2026 ilitimia miaka 10 tangu M-Pesa ya Vodacom ianze kutumiana fedha moja kwa moja na mitandao mingine. Kwa Machame, mkoani Kilimanjaro, ambako ni nadra kukuta ukoo usio na watoto Dar es Salaam au Arusha, tarehe hiyo inastahili kukumbukwa.

Zamani fedha za nyumbani zilipanda mlima ndani ya bahasha, kwa mkono wa kondakta wa basi au jirani anayerudi Krismasi. M-Pesa ikaingia nchini Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, lakini ikasuasua. Ripoti ya 2009 ya GSMA, jumuiya ya kampuni za simu duniani, inaeleza kwamba miezi 14 baada ya kuanza, Kenya ilikuwa na watumiaji milioni 2.7, Tanzania 280,000. Kule Safaricom, kampuni yenye M-Pesa ya Kenya, ilishika sehemu kubwa ya soko la simu. Kwetu wateja waligawanyika. Kijana wa Kariakoo ajisajili ili amtumie nani, ikiwa mama yake aliyeko Nkwarungo, Machame, yuko mtandao mwingine? Na wakala afungue kibanda amhudumie nani?

Tigo Pesa na Airtel Money nazo zikaja, kila moja na uzio wake. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, alipokea ujumbe wenye namba maalumu, kisha akamtafute wakala wa mtandao wako ndipo atoe fedha. Watu wakaishi na laini mbili, tatu.

Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao. Vodacom, yenye wateja wengi kuliko wote, ikabaki nje. Hesabu yake inaeleweka: kila aliyejiunga M-Pesa aliwavuta ndugu zake, na kufungua mlango kulimaanisha kuwagawia wapinzani nguvu hiyo. Lakini wapinzani wakiungana, aliye nje naye hupungukiwa. Benki Kuu haikutoa amri. Kampuni zilikaa mezani, IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia, ikisaidia mazungumzo, zikajipangia kanuni zenyewe. Februari 2016 Vodacom ikaingia. Kenya, ilikozaliwa M-Pesa, ilifika hapo 2018. Tujivunie.

Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, hadi Sh10,000 kwa muamala mmoja, ikapunguzwa asilimia 30 baada ya wananchi kulalamika. Hata leo mtoto anayemtumia mama yake lazima aongeze "ya kutolea". Serikali na kampuni za simu ziyashushe makato hayo, kwa sababu thamani ya huduma hii imejengwa na wateja wenyewe.