Mchezaji wa Roma na Fedheha Yake

Leo, ndugu zangu, twende Roma ya kale, mahali pa michezo ya kuigiza. Watu wamejaa, wanacheka hadi machozi. Lakini huyo anayewachekesha ni mtu asiye na heshima mbele ya sheria: hapewi cheo cha mji wala hachukuliwi jeshini. Warumi walipenda mchezo, wakamdharau mchezaji.

Decimus Laberius alikuwa wa daraja la wapanda farasi, watu wakubwa waliopitwa na wazee wa baraza tu. Aliandika vichekesho, na kuandika si aibu. Aibu ilikuwa kupanda jukwaani. Mwaka 46 kabla ya Kristo, naye ana miaka kama 60, Julius Caesar akamwomba acheze mwenyewe, ashindane na Publilius Syrus, aliyepata kuwa mtumwa. Ombi la mtawala, mnajua, si ombi. Laberius akacheza, heshima ikamtoka siku ile ile, na ushindi akapewa Publilius. Ndipo Caesar akampa sesterti 500,000 na pete ya dhahabu, alama ya daraja lake, arudi alikotoka.

Akaziendea safu 14 walizotengewa wapanda farasi. Wenzake wakajitanua, nafasi ikakosekana! Cicero, mzee wa baraza, akamtania kwamba angempisha kama naye asingebanwa. Laberius akajibu kuwa hayo ni ajabu, maana Cicero amezoea kukalia viti viwili. Alimsuta kwa ukigeugeu wake, kati ya Pompey na Caesar.