Nambari, Alama na Umri wa Silaha: Utambuzi wa Rivolva ya Colt ya 1873 kama Ushahidi wa Kihistoria

1.0 Utangulizi

Rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ni miongoni mwa vifaa vya karne ya 19 ambavyo umri wake hutajwa haraka kuliko unavyothibitishwa. Mara nyingi mmiliki husoma nambari ya mfululizo iliyogongwa kwenye chuma, huilinganisha na jedwali la uzalishaji wa kila mwaka, kisha hutaja mwaka. Insha hii inachunguza utaratibu huo kwa kutumia rivolva ya Colt iliyopokewa na Jeshi la Marekani mwaka 1873. Hoja kuu ni kwamba nambari hueleza umri wa kipande kilichoibeba, wala si lazima umri wa silaha nzima.

2.0 Alama za Kukadiria Umri

Rivolva hiyo ilitengenezwa Hartford, Connecticut, kuanzia 1873 hadi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Uzalishaji ulipoanza tena mwaka 1956, nambari zilihesabiwa upya na kuongezewa herufi SA. Kwa hiyo, nambari ndogo haimaanishi silaha kongwe mpaka herufi hizo zitafutwe.

Alama ya pili ni tarehe za hataza upande wa kushoto wa fremu. Fremu za mwanzo zina tarehe mbili: 19 Septemba 1871 na 2 Julai 1872. Baadaye iliongezwa ya tatu, 19 Januari 1875. Fremu yenye tarehe hii ya tatu haiwezi kuwa imetengenezwa kabla ya hataza yenyewe. Vilevile, katika fremu za zamani mhimili wa silinda hushikiliwa na skrubu iliyo mbele ya fremu. Mtindo huo ulikoma 1896, na nafasi yake ikachukuliwa na kitufe chenye springi kinachopita kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Silaha za jeshi zina pia herufi US na herufi za majina ya wakaguzi. Herufi OWA, kwa mfano, ni za Orville W. Ainsworth, aliyekagua shehena za mwanzo.

3.0 Nambari Zisizolingana

Mwaka 1892 jeshi lilipokea rivolva mpya ya kipenyo cha .38. Kuanzia 1895, sehemu ya zile za 1873 zilikatwa mitutu kutoka inchi 7.5 hadi 5.5. Katika kazi hiyo, silaha nyingi zilifumuliwa, zikasafishwa na kuunganishwa upya bila kujali nambari. Fremu ya miaka ya 1870 iliweza kuwekewa kinga ya kifyatulio iliyotoka kwenye silaha ya muongo mwingine.

Kwa mkusanyaji anayetaka nambari zote zilingane, hiyo ni kasoro. Kwa mwanahistoria, ni ushahidi wa matengenezo yaliyofanywa na jeshi lenyewe. Anayebadilisha vipande ili nambari zilingane hairudishi silaha katika hali yake ya asili. Anafuta sura moja ya historia yake.

4.0 Kutoka Uwezekano hadi Uthibitisho

Tatizo huwa kubwa zaidi silaha inapohusishwa na mapigano ya Little Bighorn ya tarehe 25 na 26 Juni 1876, ambapo Walakota, Wacheyenne na Waarapaho walikishinda Kikosi cha 7 cha wapanda farasi chini ya George Armstrong Custer. Nambari ya kabla ya 1876 pamoja na herufi za Ainsworth huonyesha uwezekano tu. Kinyume chake, baada ya moto wa nyika wa 1983, wanaakiolojia walianza mwaka 1984 kurekodi mahali hasa palipopatikana kila ganda na kichwa cha risasi. Walilinganisha pia alama zilizoachwa kwenye maganda na ncha za kugongea, na hivyo kufuatilia silaha mojamoja uwanjani. Ushahidi wa namna hii huifunga silaha na mahali. Nambari huifunga na kiwanda.

Hata kumbukumbu za kiwanda zina mpaka wake: hutaja tarehe ya silaha kusafirishwa, si ya kutengenezwa. Tofauti hiyo ina uzito, kwani sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968 huhesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na kuiondoa katika masharti mengi ya silaha za kisasa.

5.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba kuipa rivolva umri ni kazi ya kupatanisha mashahidi kadhaa: nambari, hataza, umbo la fremu, herufi za wakaguzi na kumbukumbu za kiwanda. Mashahidi hao wanapotofautiana, mtafiti hapaswi kumchagua mmoja na kuwanyamazisha wengine. Tofauti yenyewe ndiyo inayopaswa kuelezwa, kwa kuwa huenda ndani yake mna historia ya matumizi ambayo jedwali la miaka haliwezi kuitoa.