Saa Iliyofichwa Kwenye Mita ya Stima

Ploti nyingi za hapa Kakamega zina kompyuta ambayo hakuna anayeiita kompyuta: mita ya tokeni.

Historia yake inaanzia Afrika Kusini, shirika la umeme la Eskom lilipotaka kuuza stima kwa kulipia kwanza. Wahandisi walikuwa na mtihani mgumu. Kifaa kiwe cha bei nafuu, kiwe na kumbukumbu ndogo, kisitegemee mtandao wowote, halafu kitambue tokeni feki na kikatae tokeni iliyokwisha kutumika.

Jibu lao ni zile tarakimu 20 tunazobonyeza. Zinabeba biti 66, zimefungwa kwa ufunguo wa siri ambao mita yako inao. Biti 16 ni za kiasi cha stima, 24 ni za wakati, zilizobaki ni za utambulisho na ukaguzi.

Hizo 24 zinahesabu dakika tangu 1 Januari 1993. Zinajaa baada ya dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Mwaka 1993 stima hapa ililipiwa kwa bili ya karatasi, na wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. 2024 ilikuwa mbali sana.

Lakini ilifika. Kabla ya 24 Novemba 2024, Kenya Power iliwatumia wateja tarakimu 60: seti mbili za kubadilisha ufunguo, ya tatu stima yenyewe. Mita isiyosasishwa ingekataa tokeni mpya, na nyumba ingebaki giza hata kama umelipa. Mimi niliacha chuo, lakini mtaani bado ndiye “mtu wa kompyuta”, kwa hivyo majirani waliniita niwabonyezee.

Tukisikia kompyuta yenye uwezo mkubwa, tunawaza kasi. Mita inadai uwezo mwingine: kufungua siri kwa chipu ndogo, kuvumilia radi za Kakamega, na kukaa ukutani miaka bila fundi. Simu yako hujisasisha usiku ukiwa umelala. Mita husubiri vidole vya mtu.

Hapo ndipo kazi ipo kwa vijana wanaochezea chipu. Mita za maji za kidijitali, pampu za sola na boda za umeme huwa na kompyuta ndani, na mtu lazima aamue zitahesabu hadi lini. Hesabu mpya ya tokeni imeanzia 2014. Itajaa 2045, na wengi wetu bado tutakuwa tunalipa stima.