Kiu ya Mtoto Njiti

Hebu fikiri: mtoto kazaliwa kabla ya wakati, uzito wake kilo moja na nusu, halafu wakubwa wanaamua asinywe kitu siku mbili, tatu. Ukatili? La. Miaka ya 1940 na 1950 hospitali nyingi za Uingereza na Marekani zilifanya hivyo kwa nia njema. Waliogopa maziwa yatampalia, yaingie mapafuni, afe. Kumbe huku mwili unakauka, sukari inashuka, na ubongo unaweza kuumia kimyakimya.

Mwaka 1964 madaktari wawili wanawake wa Oxford, Victoria Smallpeice na Pamela Davies, wakatoa habari ya njiti walionyweshwa maziwa ya mama, yasiyotiwa maji, mara tu baada ya kuzaliwa. Sukari ilikaa vizuri, umanjano ukapungua.

Basi tuwamiminie tu? Subiri kwanza! Mwaka 1980, huko Marekani, Edward Bell na wenzake waliwagawa njiti 170 makundi mawili. Waliopewa maji mengi ndio waliosumbuliwa zaidi na moyo.

Ndiyo maana leo nesi anaandika kila mililita inayoingia. Inayotoka? Anapima nepi iliyolowa, anatoa uzito wa ile kavu: gramu moja ya mkojo ni kama mililita moja. Mtoto naye hupandishwa mizani.

Woga uliwaumiza watoto, na huruma isiyopimwa nayo ikawaumiza. Vijana wenzangu tunaoshika kalamu, tusilidharau daftari la nesi. Tarakimu zile kavu ni maisha ya mtu.